Dogo akihukumiwa kwa mauaji, rufaa inakuwaje?

Wakuu naomba msaada, dogo wa miaka 16 akikutwa na hatia ya kuua kwenye mahakama ya watoto, akikata rufaa kesi inaanza upya au wanasoma makaratasi tu? Na anatoka akisubiri?

Jibu: Mara nyingi hawaanzi upya mkuu, majaji wa juu wanasoma mwenendo wa kesi na kusikiliza hoja za mawakili, wanatafuta palipokosewa, mfano maelezo yake polisi yalichukuliwa bila mzazi wala wakili, hiyo peke yake inaweza kuangusha hukumu. Kutoka sio otomatiki, unaomba dhamana, na kesi ya damu ngumu sana.

Jibu: Naongezea, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ibara ya 40 unampa haki ya rufaa, ya 37 inakataza kunyonga au kumfunga maisha bila uwezekano wa kuachiwa kama alikuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio, sio siku ya hukumu. So hatia ikibaki, adhabu bado mnaweza kuipigania.

Jibu: Fanyeni chap, siku za kukata rufaa huwa chache, ombeni nakala ya hukumu leo leo. Na sehemu nyingi hata upande wa mashtaka unaweza kukata, wakitaka adhabu iongezwe.