Mbio za njiwa za Barcelona: zifutwe, zifupishwe au zibaki?

Bawa la Kumi
Tusilizunguke jambo. Kila mwanzo wa Julai maelfu ya njiwa wa Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza hupakiwa malorini hadi Barcelona, wakaachiwa warudi kwao. Kwa banda lililoko Brussels hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi hulala njiani. Mbio zipo tangu 1951, na kelele za kutaka zifutwe hazijaanza jana. Msimamo wangu: zisifutwe, zianzie Perpignan, upande wa Ufaransa. Utapunguza kilomita kama 150, lakini la maana zaidi utamwondolea njiwa milima ya Pyrenees. Siku ya joto kali njiwa asiyetaka kupanda mlima huambaa na pwani, na akifika bonde la Rhône anakutana na mistral, upepo wa kaskazini, usoni kabisa. Hapo mwenye banda hana la kumsaidia. Na tusidanganyane, nusu ya wanaopeleka njiwa huko wanadhani maandalizi ni kumwaga karanga siku mbili za mwisho.

Mzee wa Shayiri
Kumwaga karanga? Hayo ni maneno ya mtu anayetazama banda kwa dirishani. Njiwa wa mbali anachoma mafuta, si wanga. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na ikiungua mwilini inaacha maji karibu gramu moja. Kwenye joto maji ndiyo humtupa njiwa mkono kwanza.

Utaratibu ni huu. Siku za mwanzo chakula chepesi, shayiri ifike theluthi ya mchanganyiko, gramu 25 hadi 30 kwa njiwa kwa siku. Shayiri ndiyo kipimo: ukiona nafaka nyingine zimekwisha na shayiri imebaki kwenye kihori, wameshiba, ondoa. Baadaye mahindi yapande hadi karibu nusu, kisha kila jioni karanga mbichi kwa kuhesabu: tano, saba, kumi, kumi. Karanga kumi ni kama gramu tano, na karibu nusu yake ni mafuta. Sasa nani hapo amemwaga?

Fundi Tenga
Shikamoo mzee. Hesabu ya karanga haina kasoro, kasoro iko kwenye kalenda. Unahesabu kurudi nyuma kutoka siku gani? Njiwa wa Barcelona anaingia tengani mapema wiki ile, anaachiwa Ijumaa. Ukihesabu kutoka siku ya kuachiwa, zile jioni nne za karanga zinaangukia ndani ya lori, na humo hulishi wewe. Hesabu kutoka siku ya kumtia tengani. Njiwa wa kilomita 300 anashiba Alhamisi na Jumamosi yuko hewani. Huyu wa Barcelona anaondoka nyumbani amejaa, anakaa siku nne tano na wenzake asiowajua, wanapigana, hawalali, na kama hakufundishwa kula na kunywa humo anaichoma akiba yote kabla hajapiga bawa.

Mkaguzi wa Nafaka
Karanga tano, karanga kumi, na hakuna aliyesema karanga za namna gani. Sisi wa Tanzania na Kenya tunaijua sumukuvu na ilivyoua watu kupitia mahindi. Mnamjaza ndege mafuta, na kazi ya kuyashughulikia mafuta hayo ni ya ini, halafu mnampa kitu kinachoanza kwa kulishambulia ini hilohilo! Punje iliyosinyaa, yenye ukungu au harufu ya uvundo, tupa. Usiioshe. Kukaanga nako hakumalizi sumu. Nunua za kuliwa na watu, zisizo na chumvi, uzitunze pakavu, na zilizomenywa zisivuke msimu. Mahindi vivyo hivyo: pasua punje chache kwa kisu utazame kiini, kikiwa cheusi rudisha gunia.

Mzee wa Shayiri
Hilo nalikubali, dada. Niliandika "mbichi", nilipaswa kuandika "safi".

Bawa la Kumi
Nimeuliza kama mbio zifutwe, nimeletewa ghala la nafaka. Hata njiwa aliyelishwa dhahabu hupotea. Wale walioachiwa Nantes, Ufaransa, 1998 hawakuwa na karanga? Makumi ya maelfu walipotea siku moja.

Mzee wa Shayiri
Ni 1997, tarehe 29 Juni. Kama unataka kuutumia msiba ule, utumie sawasawa. Zilikuwa mbio za kuadhimisha miaka mia ya chama cha mbio za njiwa cha Uingereza, njiwa kama 60,000 waliachiwa Nantes, na kweli sehemu kubwa hawakurudi. Mwanajiofizikia mmoja wa Marekani alikuja na maelezo kwamba mshindo wa Concorde, ile ndege ya abiria iliyoruka kasi kuliko sauti, uliwakuta juu ya mkono wa bahari wa Uingereza ukawavuruga. Umbali wake haukaribii Barcelona, na Pyrenees haikuwapo. Mfano wako unakuangusha mwenyewe: hatari si urefu wa njia peke yake.

Banda la Wajane
Afadhali umesema. Na mistral hauukwepi kwa kuanzia Perpignan, ndugu Bawa. Rhône ni ileile.

Mama Kinda
Mnaongea kana kwamba njiwa anarudi kwa ajili ya tumbo. Anarudi kwa ajili ya kiota. Kama kuna kitu cha kufutwa ni ule mchezo wa ujane: dume anatengwa na jike wiki nzima, anaonyeshwa dakika kumi, akipandwa na wazimu anasukumwa tengani. Ule ni ukatili, na kwa mbio za mbali hauna hata faida, maana jazba ya Jumapili haifiki Ijumaa. Mwache na jozi yake kwenye kiota cha kawaida.

Banda la Wajane
Ukatili ni neno zito, mama, na umelitupa kwa watu wanaoamka alfajiri kukwangua mavi ya njiwa kwa mikono yao. Dume wa ujane anakaa mahali patulivu, penye mwanga hafifu, anaruka asubuhi na jioni saa nzima nzima, hatumii nguvu kulea. Na manyoya ya bawa anayapukutisha taratibu kuliko anayelea, kwa hiyo Julai hana pengo. Ukatili ninaoujua mimi ni kumtuma jike mwenye mayai ya siku 14. Yanaanguliwa siku ya 17 au 18. Maziwa ya gole, ule uji wa kulishia makinda, yanaanza kutengenezwa siku chache kabla, na yeye yuko lorini bila kinda wa kumlisha. Gole linajaa, linachacha, chakula hakishuki. Umeshawahi kunusa mdomo wa njiwa wa namna hiyo? Huyo ndiye mnayemtarajia avuke Ufaransa nzima.

Mama Kinda
Nani amesema siku 14? Soma kabla ya kukasirika. Mayai yawe ya siku tano au sita siku ya kumtia tengani, ili siku ya kuachiwa yakaribie kumi. Hapo hamu ya kuatamia ni kubwa na gole bado tupu. Na mayai ya kweli huyaachi kwenye kiota, maana dume peke yake hawezi kuatamia usiku na mchana, yatapoa. Weka ya plastiki. Akirudi akute kiota chake kama alivyokiacha, mayai mawili, pembe ileile, jirani hajamnyang'anya.

Bawa la Kumi
Sijasikia mtu hata mmoja akijibu la milima. Zinabaki kwa sababu ya pesa, basi. Njiwa Armando aliuzwa euro milioni 1.6, nani atakubali zifutwe?

Banda la Wajane
Armando ni milioni 1.25, mwaka 2019. Milioni 1.6 ni New Kim, 2020, na sifa zake ni za masafa ya kati. Hata hoja ya pesa umeichanganya.

Fundi Tenga
Ndugu zangu, punguzeni moto. Kaka Bawa ana haki ya kujibiwa, nami namjibu hivi: mlima humwangusha njiwa aliyekauka, na ukavu unaanzia tengani. Kwenye lori maji yako nje, kwenye kihori kilichoning'inizwa ubavuni. Njiwa lazima apitishe kichwa katikati ya vijiti ndipo anywe. Njiwa mgeni wa tenga anaweza kukaa siku nzima akiwa na kiu huku maji yako kidole kimoja kutoka mdomoni.

Mfundisheni akingali mdogo. Jioni msimlishe, mtieni tengani na wenzake wachache, ning'inizeni kihori cha maji, dondosheni punje za mahindi ndani ya maji. Anaziona, ananyoosha shingo, anadonoa, mdomo unalowa, ndipo anagundua. Alale humo. Rudieni usiku mitatu kabla ya msimu, kisha mbebeni kilomita 5, 10, 20, 40, 80, na kila mara aone kihori kilekile.

Mkaguzi wa Nafaka
Na siku ya kumpeleka unampima vipi? Kwa mizani?

Fundi Tenga
Kwa mkono. Kifua kiwe kigumu kimejaa, pulizia manyoya uone ngozi ya waridi, haina magamba. Koo ling'ae, lisiwe na utando wa njano. Jana yake mpe beseni aoge: akitoka, maji yawe na utando mweupe juu, ule unga wa manyoya. Beseni likibaki safi, njiwa huyo abaki nyumbani.

Mama Kinda
Na chanjo ya paramiksovirusi, yule ndugu wa kideri, iwe imeshachomwa wiki nyingi nyuma. Si wiki ya mbio.

Bawa la Kumi
Bado nasema Perpignan. Lakini zile punje kwenye maji, unadondosha ngapi?

Fundi Tenga
Tano sita kwa kila njiwa. Chagua kubwa za njano, zinazama na anaziona vizuri. Ngano haifai, inapotelea chini ya kihori.