Tupeane uzoefu: jiwe la Lengai linalogeuka unga kabla ya kufika Nairobi

JiweKavu
Wadau, kuna picha inazunguka ya jiwe jeupe pe, muuzaji kaandika "lava mpya ya Ol Doinyo Lengai". Mpya wapi, na ni jeupe? Lava ya ule mlima wa volkano, kaskazini mwa Tanzania, hutoka nyeusi au kahawia, inatiririka kama oili chafu ya gari, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Ndiyo maana mchana inaonekana kama tope. Ikishakutana na hewa yenye unyevu inaanza kupauka ndani ya saa chache. Ikinyeshewa, basi tena. Mnaoshika haya mawe, semeni: huwa yanaharibikia wapi?

MamaMaabara
Mezani. Pale pa kukata.

Msumeno wa almasi hupozwa kwa maji, na mtu kwa mazoea anafungulia bomba. Natrokabonatiti, yaani hiyo lava ya Lengai, ni chumvi za sodiamu, si granaiti ya kaunta ya jikoni! Gregoriiti, zile punje za mviringo zenye ukungu, ndizo hutangulia kuyeyuka. Nyerereiti, vile vibamba vyembamba vinavyong'aa, inafuata kwa kugeuka kuwa madini mengine, pirsoniti. Kipande kinabaki na matundu kama sifongo, halafu mtu anakiweka chini ya darubini na kuandika ripoti kwamba mwamba una vinyweleo vingi. Vinyweleo vya nani? Umevitoboa wewe na bomba lako.

Fanya hivi. Mwaga maji yote ya msumeno, pangusa tangi, liache likauke kabisa. Weka mafuta ya taa badala yake, fungua madirisha, pasiwe na moto wala cheche karibu. Ukishakata, suuza kwa spiriti isiyo na maji. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, usijidanganye. Bandika kwenye kioo kwa epoksi. Sugua kwa msasa wa 600, kisha 1000, ukilowesha kwa mafuta ya taa tu, mpaka unene ufike maikroni 30. Funika siku hiyo hiyo. Ukilala nayo wazi, hasa Aprili, asubuhi utakuta ukungu mweupe juu.

Na vumbi usilipulize kwa mdomo. Pumzi ina maji.

Kilimambogo_7
Hapo kwa pumzi, kabisa.

DuduWaRongai
Mnajisumbua. Dondoshea siki, ikitoa povu ni Lengai.

MamaMaabara
@DuduWaRongai siki itatoa povu hata kwa chokaa ya ukuta wa jirani yako. Kabonati nyingi hutoa povu.

DuduWaRongai
Basi saga, koroga kwenye maji. Yakiteleza vidoleni kama ya sabuni, ni Lengai.

JiweKavu
Au ni magadi ya githeri, ya shilingi kumi. Nayo huteleza. Bila mashine ya eksirei ya kutambua madini hapo hutenganishi.

SodaAshi
Kwani si kitu kimoja? Magadi ya Kajiado yametoka Lengai, yamesombwa na maji.

MamaMaabara
Hapana. Ziwa Magadi hulishwa na chemchemi za moto zinazochota sodiamu kwenye lava za trakiti za bondeni. Maji yanakauka, trona, yaani magadi ghafi, inabaki. Kiwandani trona huchomwa, inatoa maji na kabonidayoksaidi, inabaki soda ashi: tani 10 za trona safi hutoa kama tani 7. Nyerereiti haina maji ndani yake hata tone, na ina kalsiamu. Ni ndugu, si pacha.

SodaAshi
Sawa mwalimu. Ila hiyo trona ya kuokota ina floridi nyingi, wapikaji wasikie, meno ya watoto huwa kahawia. Na magadi hula sufuria ya alumini.

Ghorofa_ya_12
Mnazungumzia mawe, mmesahau Julai 2007? Nairobi ilitikisika siku kadhaa, ule mtetemeko mkubwa wa tarehe 17 ulikuwa wa kipimo cha 5.9, maofisi ya katikati ya jiji yakamwagika barabarani, watu na faili mkononi. Ilikuwa Lengai ile!

Kilimambogo_7
Ilikuwa Gelai, mlima jirani yake. Magma, ule mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza kwenye ufa chini ya ardhi na ufa ukateleza. Lengai ulilipuka kwa kishindo Septemba.

Ghorofa_ya_12
Gelai, Lengai, ngazi zilikuwa zilezile.

DuduWaRongai
😂😂 Lifti usiguse.

JiweKavu
Turudi. Mlipuko ule wa 2007 ndio uliobadilisha mambo kwa wanaopanda: juu kulibaki shimo refu lenye kuta wima, na ukingo wake ni majivu yaliyogandamana tu. Usisogee kupiga picha. Watu huanza kupanda usiku wa manane kutoka kijiji cha Ngare Sero wakwepe jua, maji lita nne kila mtu.

SodaAshi
Tano.

MamaMaabara
Na miwani ya kufunga macho. Yale majivu ni alkali, yakichanganyika na jasho yanachoma. Osha kwa maji mengi, usijitie siki mtu akikushauri.

DuduWaRongai
Nimesikia.

Kilimambogo_7
Sampuli: chupa ya glasi yenye mdomo mpana na raba, ikaushwe kabla, silika jeli (zile chembe za kunyonya unyevu) vijiko viwili chini, kitambaa kikavu, kisha jiwe. Zungushia utepe kifunikoni. Kibali cha kutoa madini Tanzania kiwe mkononi kabla ya Namanga.

SodaAshi
Silika jeli inapatikana wapi?

JiweKavu
Maboksi ya viatu. Ila ile imeshalewa unyevu, ianike kwenye oveni nyuzi 120, saa mbili. Ya rangi ikirudi buluu, tayari.

SodaAshi
Na ikibaki waridi?

JiweKavu
Rudisha ndani.