Gumzo la ukoo: mafuta yaliyomwagika kutoka meli ya Wakashio, Mauritius, Jumamosi Agosti 29, 2020

Mama Mdogo: Jamani nimeona video ya Port Louis, barabara imejaa watu wote wamevaa nyeusi, huo ni msiba au maandamano?? Kidoti uko salama mwanangu, ukisoma hapa jibu

Dada Kidoti: Shikamoo mama mdogo, shikamooni wakubwa wote. Mimi mzima, ndo narudi huko sahivi miguu inawaka moto. Ni maandamano mama, ila na msiba pia ni sawa ukisema, tulivaa nyeusi kwa ajili ya bahari na pomboo waliokufa. Makumi ya maelfu ya watu na nchi nzima ina watu milioni 1.3 tu, mpaka wazee wenye mikongojo nimewaona

Kaka Mkubwa: Si ile meli ya Wajapani? Nlidhani yaliisha walipoyafyonza mafuta

Dada Kidoti: Yaliyobaki ndani ndo waliyafyonza kaka. Kama tani 1,000 zilikuwa zishamwagika. Meli imepanda mwamba Pointe d'Esny tarehe 25 Julai, mafuta yameanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Hesabu hapo katikati. SIKU 12 meli ya karibu mita 300 imekaa juu ya matumbawe tunaiangalia kwa macho, na pale jirani ndo Blue Bay, hifadhi ya bahari. Hicho ndo kimewatoa watu majumbani leo

Anko Baharia: Marahaba Kidoti. Niseme kidogo maana bahari nimeila chumvi yake miaka mingi. Mwezi wa saba na wa nane kule kusi inavuma kweli, mawimbi yanapiga mwamba usiku na mchana, na meli ikishakaa juu ya jiwe haitulii, inanyanyuliwa na kupondwa, inanyanyuliwa na kupondwa, chuma kinachoka hapo hapo. Serikali inasema hali ya hewa ilizuia kazi na mimi sikatai kuwa ilikuwa mbaya, lakini unaposikia meli yenye karibu tani 4,000 za mafuta imekwama kitu cha kwanza unachofanya ni kuzungushia uzio wa kuelea sehemu zote nyeti, mikoko, visiwa, midomo ya mito, usingoje tangi lipasuke kwanza. Uzio hauhitaji meli kuzama ndo uwekwe

Dada Kidoti: Anko ndo hicho hicho watu walikuwa wanapiga kelele leo!! Uzio tuliushona SISI

Bibi: Mliushona na nini mjukuu wangu

Dada Kidoti: Bibi shikamoo. Na majani makavu ya miwa. Ile Jumamosi ya tarehe 8 nlienda Mahébourg na wenzangu wa chuo, ufukweni watu wamekaa chini kwa mistari, lori linamwaga majani, sisi tunayashindilia kwenye nyavu mpaka liwe kama gogo refu, katikati tunatia chupa tupu za plastiki lielee, halafu mama mmoja wa pale anapita na sindano kubwa ya kushonea magunia anafunga mdomo. Saluni nyingine zilikuwa zinakata watu nywele bure maana nywele zinanyonya mafuta na maji zinayaacha. Likijaa gogo tunalibeba begani watu kumi na zaidi tunaingia nalo majini mpaka kiunoni. Na tangazo lilitoka eti raia tuondoke tuwaachie wahusika. Hakuna aliyeondoka

Kaka Mkubwa: Safi sana

Anko Baharia: Nawasifu ila roho iliniuma kuona picha za watoto bila glavu wala barakoa, ule mvuke sio wa kuchezea. Kidoti wewe kichwa hakikuuma?

Dada Kidoti: Kiliuma siku mbili anko, na koo. Glavu ziliisha mapema. Nyeusi ile haitoki kwa sabuni, tulijisugua kwa mafuta ya kupikia ndo ikaachia, na kwenye kucha mpaka leo ipo. Kaa mmoja mdogo alipanda kwenye gogo letu mweusi tii, nikamfuta na kitambaa, miguu imegandana hawezi kutembea. Nlilia pale pale sikujali watu

Mama Mdogo: Maskini 😢 na wavuvi wanakula nini

Dada Kidoti: Wavuvi wamezuiwa kule kusini mashariki. Na watalii hamna mipaka imefungwa kwa corona, kwa hiyo yule ambaye boti yake ilikuwa ya watalii na yule wa nyavu wote wako nyumbani. Halafu jumatano ndo pomboo wakaanza kuletwa na maji, sasa wamepita 30. Hawajasema kwa uhakika nini kimewaua, ila tarehe 24 kipande cha mbele cha meli kilivutwa mbali kikazamishwa makusudi, siku mbili baadaye maiti ufukweni, utawaambia nini watu

Kaka Mkubwa: Nahodha si kakamatwa? Nasikia walisogea pwani kutafuta netiweki ya simu

Anko Baharia: Hilo la simu linachunguzwa, na kama ni kweli hana kinga, njia ya meli haibadilishwi kwa sababu ya simu. Lakini mkimtwika nahodha peke yake mmewaachia wengi. Meli ya Mjapani, bendera ya Panama, imetoka China kwenda Brazil, haina hata gunia moja la mzigo. Na jambo wengi hawalijui, ingekuwa tanka la mafuta kuna mfuko wa kimataifa unaolipa fidia kubwa, hii ni meli ya shehena kichele, yaani ya mizigo mikavu inayomwagwa ndani bila magunia, mafuta yaliyomwagika ni yake mwenyewe ya kuendeshea injini, kwa hiyo mfuko ule hauhusiki, inatumika sheria nyingine yenye kikomo cha chini. Bahari inachafuka vile vile lakini mvuvi analipwa kwa kuangalia meli ni ya aina gani. Hili ningetamani waandamanaji walishike

Dada Kidoti: Anko nirushie hayo kwa maneno mafupi, kuna kikundi chetu cha chuo nitayatafsiri nipeleke huko

Anko Baharia: Kesho asubuhi. Na zile nguo na viatu vya siku ile umevifanyaje?

Dada Kidoti: Viatu vipo kwenye mfuko barazani, bado vinanuka

Anko Baharia: Usivichome na usivitupe kwenye taka za kawaida. Ulizia wanapokusanya takataka zenye mafuta uvipeleke

Bibi: Kidoti nipigie nisikie sauti yako haya maandishi yananichosha macho

Dada Kidoti: Nakupigia sasa hivi Bibi