Uzi kuhusu uzi: mnaolea, mnasoma na bado mnafuma, baridi ikianza mnatoboaje? Tupeane uzoefu

MamaSweta
Habari zenu wakuu. Mimi niko Njombe mjini, nina watoto wawili, mkubwa darasa la kwanza, mdogo ana mwaka na miezi minne, nasoma digrii ya ualimu kwa masafa na hela ya ada inatoka kwenye masweta ninayofuma kwa mkono. Shida yangu iko hivi, huku kwetu baridi inashika kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka wa nane na hapo ndo kila mtu anakumbuka sweta, yule aliyekuwa anakupita Februari kama hakujui saa hizi anapiga hodi saa moja asubuhi kabeba mtoto anatetemeka. Mitihani yangu nayo mwezi wa sita. Na mwezi wa sita huohuo shule zinafunga, mkubwa anashinda nyumbani. Nina oda ya masweta 12.

Wiki iliyopita nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai nasoma notsi za saikolojia ya elimu huku mikono inafuma, kipande cha mgongo kilikuwa kimeshafika kwapani. Nikaenda kuepua uji. Narudi, mdogo kachomoa sindano, anavuta uzi kuelekea chini ya meza na anacheka kabisa, vitanzi vinafumuka trrrr kama zipu. Sikumchapa. Nilikaa chini nikacheka na mimi, halafu nikalia kidogo, halafu nikaanza kuzungusha uzi upya kwenye donge. Na sura niliyokuwa nasoma ni ile ya mtoto anavyojifunza kwa kushikashika vitu, hebu fikirieni.

Sasa hivi nafuma usiku wakishalala, nafunga madirisha, jiko la mkaa nalisogeza miguuni, mpaka saa saba. Asubuhi sikumbuki nilichosoma. Nyie mnafanyaje?

Spoku
Pole sana dada. Msinicheke, mimi ni mwanaume na nafuma, bibi alinifundisha kulekule Makete, sindano zenyewe zilikuwa spoku za baiskeli tunazinoa kwenye jiwe. Sasa hivi niko Mbeya nasoma umeme, wife ni nesi, akiwa zamu ya usiku mtoto ni wangu mpaka asubuhi.

Nilichogundua kwa kuumia ni kwamba kitabu na sindano vinaelewana sehemu fulani tu. Ule mpira wa chini, yaani ukingo unaovutika, na mgongo ulionyooka, hapo soma, sikiliza, bishana na mtu, mkono unajijua wenyewe. Ukifika kwapani au shingoni unapoanza kupunguza vitanzi funga daftari. Mimi nilijifanya mjanja nikawa nafuma mikono ya sweta huku nakariri rangi za waya, mkono mmoja ukazidi mwenzake vidole vinne, mteja akaniuliza hii ni ya golikipa?

Halafu ukiinuka choma ncha ya sindano kwenye kifutio cha penseli, vitanzi havitoki hata mtoto akivuta.

kaLimuru
Heri nyinyi. Hapa Limuru, Kenya, mwezi wa saba jua tunaliskia tu kwa redio ati limewaka Mombasa.

Mimi sweta za shule niliachana nazo. Watu wa mashine walitumaliza, yeye anatoa kadhaa kwa siku na mimi hiyo moja inanichukua siku nne nikiwa na mtoto mgongoni, halafu mzazi anataka bei moja. Nikabaki na vitu za watoto wachanga, kofia, soksi, shali. Mama akijifungua hangoji baridi, kila mwezi kuna mtu amezaa, kwa hivyo kazi inakuja kidogokidogo na mimi nasoma kidogokidogo. Diploma ya watu miaka miwili mimi nilimaliza na mitatu na sioni aibu.

Kuna watu watakwambia fuma za baridi wakati wa jua. Ni kweli, lakini wasikudanganye ni rahisi. Mwaka fulani nilianza Januari, ikifika Aprili nina gunia mzima ya sweta chini ya kitanda na mtoto amerudishwa nyumbani juu ya fees. Unaangalia hiyo gunia unaona pesa, na haiwezi kununua hata unga. Nikauza tano kwa hasara.

Mzee wa Kazi
Swali la kizushi, baba watoto yuko wapi kwenye hii stori?

MamaSweta
Yuko porini kwenye mbao, anarudi mwisho wa mwezi, na akirudi yeye ndo anapika na kuogesha. Mwacheni.

Bi Viua
Assalam aleikum. Huku Unguja ukimuona mtu kavaa sweta ujue ana homa. Lakini nimejiona humu, mimi nashona kofia za viua, zile za matundu madogomadogo, kwa sindano na uzi mwembamba, kofia moja ya maana inakula miezi miwili na zaidi. Msimu wetu sisi ni Idi, na Idi haikai pahala pamoja, kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka wa kwanza wa masomo ilikuwa mbali na mitihani nikajidai najua kupanga. Mwaka wa tatu vikagongana, na mwanangu wa mwisho ndo kwanza anaota meno.

Nikakataa oda. Mteja wangu wa zamani, wa miaka. Alisema hewala, hajarudi mpaka leo. Mtihani nilipita. Bado huwa namfikiria yule bwana.

Wa Moro Ughaibuni
Niko Tampere, Finland, mtoto wa Morogoro ambaye sindano ya kufuma nilikuwa naiona kwa wamama wa vitambaa vya makochi tu. Huku Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi, saa tisa mchana limeshazama. Siku ya kwanza chekechea nimekuta wanalaza vitoto nje kwenye vigari na theluji ipo, nikataka kuita polisi, kumbe ndo utaratibu wao, ila mtoto awe amevaa sufu toka kichwani mpaka miguuni. Hizo soksi za sufu dukani bei yake na mimi mwanafunzi wa uuguzi, ikabidi nijifunze.

Aliyenifundisha kugeuza kisigino cha soksi ni mwanangu wa miaka 10. Huku kazi za mikono ni somo, wavulana kwa wasichana. Sasa jioni tunakaa mezani, yeye anafuma, ananiuliza majina ya mifupa kwa Kifini, nikikosea anaguna. Sijawahi kuona mwalimu mkali hivyo. Kinachoniua ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha saa nyuma, mdogo anaamka saa kumi na moja alfajiri wiki nzima na hakuna anayesoma wala kufuma.

Ila MamaSweta, hilo jiko la mkaa litoe ndani leo leo. Ule moshi usioonekana hauna harufu, unalala na watoto hamuamki. Jifunike blanketi, chemsha maji tia kwenye chupa weka miguuni.

Spoku
Hili la jiko nilitaka kusema mimi. Toa dada.

MamaSweta
Asanteni sana wote. Jiko nimelitoa, natumia chupa ya maji moto. Mtihani wa kwanza umepita Jumanne, wa pili Ijumaa. Masweta 9 yameondoka, matatu yamebaki hayana mikono, nimempa mama jirani afume mikono kwa malipo, mimi nibaki na shingo, na wateja wawili nimewaambia ukweli kwamba ni mpaka mwezi wa saba, mmoja kaelewa mmoja kanuna.

Kifutio kilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu mdogo kakitafuna.