Mada: Wahudumu wa afya wa vijijini wapime macho, au wasubiriwe madaktari?

Mleta mada, Moshi
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Baba yangu mdogo wa Kibosho alisimamishwa mita 6 mbele ya chati kwenye kituo kimoja, akasoma mpaka herufi ndogo za chini. Akaambiwa macho mazima. Baadaye akaanza kutumbukia kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, uliopita kushoto mwa njia, mfongo anaouruka tangu utotoni. Kumbe ni glakoma, ile presha ya macho, na mshipa wa fahamu wa jicho ulishaharibika. Kilichopotea hakirudi.

Chati inapima uoni wa katikati, glakoma huanzia pembeni. Mhudumu wa afya wa kijiji angeweza kukaa naye uso kwa uso, amzibe jicho moja, amwambie atazame pua, amwoneshe vidole pembeni. Kisha amulike tochi jicho hili, ahamie lile haraka. Mboni ikitanuka badala ya kusinyaa, mshipa wa jicho hilo una shida. Dakika tano tu! Nasema waanze.

Mchangiaji, Rombo
Pole kwa baba mdogo, ila napinga. Vidole hukamata ugonjwa uliokwisha kwenda mbali. Tochi nayo, macho yote mawili yakiumia sawasawa, haioneshi kitu. Huyo naye ataambiwa mzima. Na akikutwa na shida, nauli ya kwenda hospitali ya KCMC anatoa nani? Matone ya glakoma nayo ni ya maisha.

Mchangiaji, Siha
Mimi nahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Ethambutoli, mojawapo ya dawa zao, inaweza kudhuru mshipa huo huo wa jicho, na ikisimamishwa mapema mara nyingi uoni hurejea. Nina kizibo chekundu cha soda mfukoni: naziba jicho moja baada ya jingine, nauliza wekundu umefifia wapi. Mgonjwa akisema rangi imechujuka, siku hiyo hiyo namwona daktari. Kwangu kipimo hicho si cha kusubiri.

Mleta mada
Wa Rombo umenibana, nakubali. Basi tusipime kijiji kizima. Tuanze na ndugu wa tumbo moja na watoto wa wenye glakoma, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Hao, hata wakihesabu vidole vyote, waandikiwe rufaa wakapimwe presha ya jicho na mshipa wenyewe. Na neno "uko mzima" lisitoke kinywani mwa mhudumu. Kwenye ukoo wetu kuna watu tisa wa kupimwa, na mpaka leo hakuna aliyetuita. Nauli je? Mfuko wa kijiji unaweza kubeba, au mnaonaje?