Kijana kaja na karatasi ya gereza. Nimpe stoo?

Mzee wa Nondo: Wakuu, natafuta mtu wa stoo hapa dukani, Mbagala. Juzi kaja kijana, nikamuuliza kazi ya mwisho alifanya wapi. Akatoa karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika, akaiweka juu ya kaunta. Wizi, miezi 18, Ukonga. Nimemwambia arudi Jumatatu. Mngekuwa nyie?

Mama Glory: Usithubutu. Mwizi ni mwizi, awe wa kuku awe wa benki.

Kijana wa Manzese: Hiyo 18 kakaa 12 kama hakuleta utundu, theluthi inaondoka. Mimi nilitoka kwa msamaha wa Desemba 9. Kuna fomu ya kazi niliwahi kujaza, inauliza "umewahi kushtakiwa?" Kushtakiwa, siyo kuhukumiwa! Ukijaza ndiyo, simu hailii. Ukijaza hapana, unaishi unasubiri mtu wa mtaani aje akuumbue.

Mama Glory: Pole. Uliiba nini?

Kijana wa Manzese: Katika yote hayo umeona hilo tu?

Jogoo la Shamba: Mama Glory acha kuku kabisa. Wangu 7 walibebwa usiku mmoja na jirani ambaye polisi hawamjui hata kwa sura. Mwanakwaya, Jumapili yuko mstari wa mbele.

Mama Glory: Kwaya imeingiaje hapa? Mimi naimba sauti ya pili mwaka wa 11 na sijawahi kugusa kuku wa mtu. Omba radhi.

Jogoo la Shamba: Sijakutaja. Ila mbona umeshtuka?

Msoma Ibara: Rudini kwenye mada. Katiba, Ibara ya 67: hata mbunge akifungwa kwa utovu wa uaminifu, miaka mitano ikipita anagombea. Mbunge anasamehewa, mbeba saruji hapana?

Wakili wa Kijiweni: Ulisoma nusu. Panda kipengele kimoja juu: kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa kama hilo kinamzuia kugombea, na hapo miaka mitano haitajwi.

Msoma Ibara: Hoja yangu iko palepale.

Wakili wa Kijiweni: Palepale wapi, imeshaanguka.

Fundi Viatu: Magereza pale Karanga, Moshi, wanatengeneza viatu, watu wanavaa wanaringa. Aliyejifunzia kushona humo akija kuomba kazi mnaficha pochi.

Jogoo la Shamba: Kuku wa kienyeji siku hizi elfu 30. Zidisha mara 7 ndiyo mjue uchungu wangu.

Mama Glory: Bado nasubiri radhi.

Mzee wa Nondo: Jumatatu ni kesho na nyie mmehamia bandani. Halafu sikumalizia: alichoiba ni nyaya za umeme, saiti aliyokuwa analinda.

Mama Glory: SI NILISEMA!

Kijana wa Manzese: Mzee, hilo la nyaya umechunguza, au kakwambia mwenyewe?

Mzee wa Nondo: Kaniambia mwenyewe. Nilikuwa sijauliza.

Jogoo la Shamba: Jirani yangu mpaka leo hajasema.