Tupeane uzoefu: habari za WhatsApp na video za simu kwa chumba cha habari chenye watu wanne

Mleta uzi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoendesha kurasa za habari, redio jamii zilizoingia mtandaoni, na magazeti yanayohamia kwenye simu. Tuwekeeni kilichojaribiwa, kinafanyikaje, kinakwamia wapi. Zile hotuba za "mitandao ni fursa" tumezisikia za kutosha. Ukitaja namba, eleza inahesabu nini.

Naanza na swali: watu wanne, simu mbili na bando la kuungaunga. Waanzie wapi?

Mhariri wa Zamu

WhatsApp. Ila mle ndani kuna milango mitatu na watu huichanganya.

Grupu linabeba hadi watu 1,024, na kila mwanachama anaziona namba za wenzake. Hata ukiweka admin pekee watume, namba bado ziko wazi, na matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" huingia kuzichota. Msomaji akitapeliwa atalikumbuka jina la gazeti lako, si la tapeli.

Orodha ya kutumia wengi kwa pamoja, ile broadikasti, inachukua watu 256. Ujumbe unamfikia kila mmoja faraghani na jibu linarudi kwako tu. Sharti lake ndilo linalosahaulika: mpokeaji awe ameihifadhi namba yako. Asipoihifadhi hapati kitu, na wewe unabaki unajipongeza kuwa umetuma.

Chaneli, iliyokuja 2023, haionyeshi namba ya mtu kwa wafuasi wenzake na haina ukomo wa wafuasi. Lakini ni kipaza sauti. Msomaji anaweza kukuwekea alama ya moyo, hawezi kukuambia daraja la kijijini kwao limekatika.

Kwa hiyo chaneli iwe ya wengi, broadikasti iwe ya wale wanaokuletea habari. Fungua WhatsApp Business kwenye laini isiyo ya mtu binafsi. Tengeneza linki inayomfungulia msomaji mazungumzo nawe: wa.me/ ikifuatiwa na 255 (msimbo wa Tanzania) na namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Hiyo sifuri ndiyo inayoua linki nyingi. Weka salamu inayojibu yenyewe: "Hifadhi namba hii, kisha jibu NDIYO na jina la wilaya yako." Anayejibu ndiye anayeingia kwenye orodha. Mhifadhi kwa wilaya na namba, mfano "Kilosa 014". Siku mafuriko yakitokea Kilosa utajua wa kumuuliza kabla hujamtafuta mkuu wa wilaya.

Usinunue namba wala kuzikomba kwenye magrupu mengine. Wapokeaji wanaripoti, laini inafungiwa, na orodha nzima inalala. Desemba 2019 WhatsApp yenyewe ilipiga marufuku utumaji wa jumla wa majarida, na vyombo vya Ulaya vilivyokuwa vikituma muhtasari wa kila siku kwa njia hiyo vikalazimika kufunga au kuhama.

Mpanga Kurasa

Naongezea la PDF. Mfano mzuri ni The Continent, gazeti la kila wiki lililoanzishwa Aprili 2020 ndani ya Mail & Guardian ya Afrika Kusini. Lilitengenezwa tangu mwanzo kusomwa kwenye simu na kusambazwa WhatsApp, halikuwa gazeti la karatasi lililopigwa picha. Wengi wanaoiga wanakosea hapo hapo: wanachukua ukurasa wa safu tano na kumwachia msomaji kazi ya kuukuza kwa vidole viwili.

Ukurasa uwe wa wima, safu moja, mbili ukizidi sana. Usipime maandishi kwa macho kwenye kompyuta. Tuma faili kwenye simu ya bei ya chini kabisa ofisini, toka nayo juani, usome. Picha zipunguzwe hadi upana wa pikseli 1,080 kabla ya kuingia kwenye ukurasa. Ukizipunguza mwishoni kwa kuibana PDF nzima, maandishi nayo huwa na ukungu. Lenga faili lisilozidi MB 5. Likipita hapo, mwenye bando la siku anaahirisha kulifungua, na habari iliyoahirishwa leo kesho haisomwi.

Jina la faili ni sehemu ya gazeti. "Final_mpya_2.pdf" ikishafowadiwa mara tatu hakuna anayejua ni nini. Weka jina la chombo na tarehe. Maelezo uliyoandika chini ya faili yanaweza yasisafiri nalo likifowadiwa, kwa hiyo namba ya kujiunga iwekwe ndani, ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Mleta uzi

Vipi kujaribu vichwa vya habari viwili kuona kipi kinavuta? Kila semina wanalihubiri hilo.

Mtu wa Takwimu

Linahubiriwa bila hesabu. Chukua mfano: umetuma kichwa A kwa watu 200 na kichwa B kwa watu 200. A kimebonyezwa mara 12, B mara 17. Ofisi nzima inasema B kimeshinda. Hakijashinda. Asilimia 6 dhidi ya 8.5 kwa watu wachache hivyo ni tofauti unayoweza kuipata hata ukituma kichwa kilekile pande zote mbili. Ili uwe na uhakika wa maana juu ya pengo la ukubwa huo unahitaji watu kama 1,700 kila upande.

Chombo kidogo kijaribu mambo yenye pengo kubwa: sauti ya dakika mbili dhidi ya maandishi, saa 12 asubuhi dhidi ya saa 2 usiku. Badilisha kitu kimoja tu. Gawa watu kwa bahati nasibu, usiseme "waliojiunga mwanzo" na "waliojiunga juzi", maana wa mwanzo ndio wapenzi wako na watabonyeza chochote. Andika kabla ya kutuma utahesabu nini na utasimama lini. Ukiachia hapo wazi, utasimama siku namba zinapokufurahisha. Na kila linki iwe na alama yake ya utm, yaani maneno unayoongeza mwishoni mwa linki yanayoonyesha msomaji ametokea wapi, la sivyo wote wataonekana kama wametokea hewani.

Mpiga Video

Kwenye video, kitu cha kwanza ni sauti. Picha mbaya watu wanaivumilia, upepo kwenye maiki hawauvumilii. Maiki ya kubana kwenye nguo, hata ya waya, inashinda kubadilisha simu.

Rekodi wima, 1080 kwa 1920. Andika maneno kwenye skrini kwa ajili ya wanaotazama kimya ndani ya daladala, lakini usiyaweke kwenye moja ya tano ya chini ya skrini wala ukingo wa kulia, kwani huko ndiko vitufe vya TikTok na Reels vinakaa. Muziki wa Bongo Fleva nyuma ya taarifa ya ajali, mbali na kukosa adabu, ni njia ya haraka ya kupigwa onyo la hakimiliki YouTube. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli yako. Pesa ya matangazo nayo haiji bila wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts, zile video fupi za YouTube, zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Halafu msidanganywe na "views". Shorts tangu Machi 2025 zinahesabu video inapoanza tu kucheza. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba wastani wake wa muda wa kutazama ulikuwa umekuzwa, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde tatu hawakuingizwa kwenye hesabu.

Mdau wa Pwani

Facebook ilishakufa siku nyingi. Achaneni nayo.

Mhariri wa Zamu

Haijafa, mkuu, wazee wetu na wenye biashara bado wapo. Ila ni nyumba ya kupanga. Januari 2018 ilitangaza kutanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, kurasa za habari zikashushwa. Agosti 2023 Meta, kampuni mama ya Facebook, ikaanza kuzuia habari nchini Kanada kwa kugombania sheria ya kuvilipa vyombo vya habari. Agosti 14, 2024 ikaifunga CrowdTangle, kifaa ambacho wanahabari walikitumia kuona nini kinasambaa. Weka habari huko, lakini kila chapisho limpeleke mtu kwenye orodha unayoishika mwenyewe.

Mkaguzi

Hao "Kilosa 014" watakuletea na picha za uongo, wengine bila kujua. WhatsApp ikituma picha kwa kawaida inaipunguza na kuifuta taarifa ya saa na mahali ilipopigwa. Mwombe aliyeipiga akutumie kama dokumenti. Akisema ameipata kwenye grupu, basi si shahidi, ni mpitishaji. Omba namba ya aliyemtumia. Ipitishe kwenye Google Lens na TinEye, zinazotafuta wapi picha hiyo imewahi kutokea mtandaoni. Video ikate vipande kwa InVID, zana ya kukagua video, kisha utafute kila fremu.

Baadaye tumia macho. Gari zikipita upande wa kulia, hapo si Dodoma wala Mombasa. Tafuta Bujumbura, Kigali au Goma. Plate ya njano yenye maandishi meusi kuanzia T ni gari binafsi la Tanzania. Tazama mabango, rangi za sare za shule, lafudhi ya wanaopiga kelele nyuma.

Mleta uzi

Laini ya chombo isajiliwe kwa jina la nani?

Mhariri wa Zamu

La kampuni. Wengi huisajili kwa alama ya kidole ya kijana wa mitandao kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Akiacha kazi anaweza kuirudisha laini kwa jina lake, na wasomaji wote wanaondoka naye. Washa PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, barua pepe ya kuirejesha iwe ya ofisi, na laini iwekewe vocha hata kama haipigi simu, kwani isipotumika kwa miezi mtandao unaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine.